Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: tuleteeni waandishi darasani

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya kata mkoani Tanga, mkoa aliozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Wanafunzi wangu wanalijua jina hilo kama jibu la mtihani. Vitabu vya fasihi wengi hawavifungui. Wanatoa kopi ya uchambuzi steshenari, wanakariri dhamira na wahusika, basi.

Mwaka jana mwandishi mmoja alikuja kijijini kwetu msibani, nikamwomba apite shuleni. Hakutoa hotuba. Alitoa kaunta buku lililochakaa, likapita dawati hadi dawati. Sura ya kwanza ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu, ukurasa mzima, na pembeni kaandika "anza upya". Watoto wangu wanaofuta insha zao kwa aibu waliutazama ukurasa ule muda mrefu. Kisha akasoma kurasa nne za riwaya yake, polepole, sauti ikibadilika kila bibi aliposema, akafunga kitabu mlango ukiwa unagongwa. Wakapiga kelele: "Malizia!"

Binti mmoja wa nyuma, asiyenyoosha mkono hata siku moja, akauliza: "Kwa nini ulimwacha bibi afe?" Mwandishi akanyamaza, kisha akasema alijaribu kumponya mara mbili, hadithi ikakataa. Kifo hicho binti alikuwa amekijua kwenye uchambuzi. Jioni ile alikuja kuazima kitabu chenyewe. Tunazo nakala mbili tu. Zilisomwa kwa zamu mpaka moja ikabanduka jalada.

Mheshimiwa, tangu 2023 Serikali inatoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, nasi walimu tunashukuru kwa dhati. Naomba tuzo hiyo isiishie ukumbini. Kila mshindi apelekwe shule chache za mkoa wake, za kata kwanza, asome na kuulizwa maswali, wala asitakiwe kufundisha kujibu mtihani. Muhimu zaidi, nakala zitangulie kufika kabla yake, angalau moja kwa kila dawati, maana hamu ya mtoto haisubiri bajeti ya mwaka ujao.

Malazi na chakula tutatoa sisi walimu na wazazi. Tunachoomba kwako ni nauli na vitabu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa Kiswahili, Tanga