Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Transista ya Mwisho

Ndugu wanachama,

Mwaka jana tulikubaliana hapa Dodoma kwamba kila anayejijengea redio ya kurusha na kupokea afikishe wati 5 kwenye bendi ya mita 40, yaani karibu na megahezi 7. Wachache wamefika, wengi bado, na kikwazo ni kimoja: transista ya mwisho, ile inayosukuma antena.

Nianze na hasara, maana fedha ni zenu. Tulinunua transista za 2SC1969 kwenye duka moja Dar es Salaam, nami ndiye niliyesaini malipo. Zote ziliungua mezani kabla hazijatoa hata wati 3. Mwenzetu wa Nzuguni aliivunja moja kwa koleo. Ndani tukakuta kipande cha silikoni kidogo kuliko punje ya mtama, na maandishi ya juu yakafutika kwa pamba yenye asetoni: zilikuwa bandia. Mitsubishi waliacha kuitengeneza transista hiyo miaka mingi iliyopita, kwa hiyo ukiuziwa "mpya kabisa" leo, anza kuitilia shaka. Nilipaswa kulijua hilo kabla ya kusaini. Nawaomba radhi.

Baada ya hapo kamati iliamua tujenge kwa transista ya IRF510. Ilitengenezwa kwa kazi ya kuwasha na kuzima umeme, siyo redio, ndiyo maana ni ya bei nafuu na watengenezaji wa bandia hawaihangaikii sana. Udhaifu wake uko kwenye geti, mguu unaopokea ishara, lenye uwezo wa kapasita wa takriban pikofaradi 180. Kwenye megahezi 7 huo ni upinzani wa kama om 126, na hatua ya saketi inayoitangulia inaumudu. Kwenye megahezi 28 unashuka hadi om 32, na nguvu ya kuendesha geti inapotelea hapo. Wanaotaka bendi za juu wajichange wanunue RD16HHF1, iliyotengenezwa kwa ajili ya redio. Ni ghali, lakini bamba lake la nyuma ni sosi, mguu unaoungwa kwenye hasi ya betri, hivyo unaifunga kwa skrubu moja kwa moja kwenye alumini. Bamba la IRF510 ni dreni, mguu unaotoa nguvu, lenye volti zote 12. Ukisahau karatasi ya maika ya kuzuia umeme, umepiga shoti.

Shoti hizo zilikuwa zinatumalizia vifaa hadi kijana mmoja alipoleta balbu ya indiketa ya bodaboda, volti 12, wati 10. Tunaiunga kati ya betri na amplifaya wakati wa kurekebisha bayasi, volti ndogo ya kuiamsha transista. Geti linaanzia volti sifuri, unazungusha polepole mpaka dreni ivute miliampea 50 hivi. Balbu ikibaki giza, endelea. Ikiwaka ghafla, chomoa, transista bado nzima. Tangu siku hiyo hatujaunguza hata moja wakati wa kurekebisha. Kijana huyo anastahili makofi yenu.

Hesabu ya koili wengi bado mnaikisia. Volti 12 zidisha kwa 12, gawa kwa mara mbili ya wati 5: unapata om 14.4, ndizo transista inazotaka kusukuma. Antena ni om 50. Transfoma ya feraiti yenye mizunguko ya moja kwa mbili huzidisha om mara nne, hivyo inafikisha karibu kabisa. Na bila chujio msirushe. Hamoniki ya pili, ishara ya ziada yenye masafa mara mbili, ya megahezi 7.1 inaangukia 14.2, katikati ya bendi ya wenzetu. Kapasita za chujio ziwe za aina ya C0G, isiyoyumbishwa na joto, maana zile za bei chee hubadilika kwa joto, na chini ya mabati yetu mwezi wa kumi joto mnalijua.

Mahesabu ya chama mweka hazina atayasoma mwenyewe. Ada zimeingia vizuri kuliko nilivyotegemea, asanteni sana. Leseni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zinazokaribia kwisha zishughulikiwe mapema. Anayerusha bila leseni hai anatuingiza wote matatani.

Nimependekeza kwa kamati kwamba kuanzia sasa transista yoyote ya fedha ya chama ipimwe moja kwanza, irushe wati 5 kwa dakika kumi kwenye mzigo wa majaribio wa om 50 badala ya antena, ndipo zilipiwe nyingine. Naomba mlipigie kura leo, kabla mweka hazina hajaagiza mzigo unaofuata.