Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha wa Australia: Senti zetu mnazihesabu, mabilioni yanahesabiwa na nani?

Kwa Mheshimiwa Dkt. Jim Chalmers,
Waziri wa Fedha wa Australia na Mbunge wa Rankin.

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Mimi ni mpiga kura wako hapa Woodridge, katika mji huu huu wa Logan ulikokulia wewe. Nilizaliwa Fizi, Kivu Kusini, nikalelewa kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, na Australia ndiyo iliyonipa uraia. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Wapo Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania jimboni kwako na kwingineko nchini walio na maneno haya haya moyoni, na nataka wayasome wenyewe kabla hayajafika mezani kwako. Serikali yako ina wakalimani wa Kiswahili, kwa hiyo kuitafsiri barua hii hakutakuwa kazi kubwa.

Hoja yangu ni moja. Serikali ya Australia ina ukali mwingi inapohesabu senti za mtu wa chini, na ina upole mwingi inapohesabu mabilioni yake yenyewe. Manung'uniko unayoyasikia kila bajeti inaposomwa yanatoka hapo, zaidi hata ya ughali wa maisha. Watu wanaweza kuvumilia shida ikiwa wanaona wote wanabanwa sawa. Kinachowachoma ni kuona mizani ya dukani inabadilishwa kulingana na mteja.

Nianze na hizo senti.

Kuna mama ninayemfahamu anayesafisha ofisi usiku mjini Brisbane. Saa zake za kazi hubadilika kila wiki. Ratiba humfikia kwa simu, wakati mwingine siku moja kabla. Kwa kuwa saa hazitoshi, anapokea pia JobSeeker, ile ruzuku ya wasio na kazi na wenye kazi haba. Kila baada ya wiki mbili lazima aripoti alichopata. Anakaa mezani na karatasi ya mshahara, kikokotoo cha simu na miwani ya kusomea, anahesabu, anarudia kuhesabu, halafu ananipigia mimi nimhakikishie kwamba hajakosea. Kanuni ni hii: dola 150 za kwanza katika wiki mbili haziguswi, kuanzia hapo hadi dola 256, kila dola anayoingiza inampunguzia senti 50, zikipita 256, anapunguziwa senti 60 kwa kila dola. Tuseme amepata dola 520. Ruzuku yake inashuka kwa dola 211 na senti 40. Senti 40, Mheshimiwa, zimo kwenye hesabu. Akikosea, ni deni. Akichelewa kuripoti, malipo yanachelewa, na mwenye nyumba hasubiri.

Sisemi hesabu hizo zisifanywe. Fedha ya umma ni amana, na sisi tuliokulia kwenye foleni za mgao tunajua nini hutokea pale anayepima anapokuwa na upendeleo. Nasema tu kwamba mwenye kuhesabiwa namna hiyo ana haki ya kuuliza wengine wanahesabiwaje.

Ruzuku yenyewe, kwa mtu mmoja asiye na watoto, ilikuwa dola 793.60 kwa wiki mbili ilipopangwa upya Septemba 2025. Kodi ya nyumba hapa Logan unaijua. Wewe na wenzako mliunda kamati ya ushauri kuhusu ujumuishaji wa kiuchumi, chini ya uenyekiti wa Jenny Macklin, waziri wa zamani wa chama chenu, na Aprili 2023 kamati hiyo ilisema wazi kwamba JobSeeker haitoshi kuishi na ikapendekeza ipandishwe hadi asilimia 90 ya pensheni ya wazee. Mwezi uliofuata bajeti yako ikaongeza dola 40 kwa wiki mbili. Tulishukuru, maana dola 40 ni dola 40. Lakini kamati iliomba zaidi ya hapo, na sababu uliyotoa ni kwamba serikali haiwezi kufanya kila kitu kwa mara moja.

Sasa kuhusu Robodebt, ule mpango wa serikali wa kudai madeni ya ruzuku kwa kompyuta. Najua haikuwa ya chama chako; chama chako ndicho kilichounda tume ya kifalme ya kuichunguza, na nakiheshimu kwa hilo. Naileta hapa kwa sababu inaonyesha mizani yenyewe ilivyo. Kompyuta ya serikali ilichukua mapato ya mtu ya mwaka mzima kutoka mamlaka ya kodi, ikayagawanya kwa vipindi 26 vya wiki mbili mbili, na kusema hicho ndicho alichokuwa akipata kila kipindi. Kijana aliyefanya kazi nusu mwaka akapata dola 26,000, halafu akakosa kazi na kuomba ruzuku, alionekana kama aliyekuwa na mshahara wa dola 1,000 kila wiki mbili, hata miezi aliyokuwa hana kitu. Akatumiwa barua ya deni. Akaambiwa yeye ndiye atafute karatasi za mshahara za miaka iliyopita, kwa waajiri ambao wengine walishafunga biashara, athibitishe kwamba hadaiwi.

Mwaka 2021 Jaji Bernard Murphy wa Mahakama ya Shirikisho aliandika kwamba madeni ya zaidi ya dola bilioni 1.7 yalidaiwa kinyume cha sheria kwa watu 433,000, na kwamba takribani dola milioni 751 zilishakusanywa kutoka mifukoni mwao. Tume iliyoongozwa na Catherine Holmes ilitoa ripoti yake Julai 2023 na kuuita mpango huo wa kikatili, usio wa haki wala wa kisheria. Akina mama waliopoteza watoto wao vijana walikaa mbele ya tume hiyo wakaeleza. Sitaongeza neno juu ya ushahidi wao. Septemba 2025 serikali yako ilikubali kulipa fidia ya nyongeza ya dola milioni 475, na hilo lilikuwa jambo la haki.

Ila mwaka huo huo mlifanya jingine ambalo wengi hawakulisikia. Kwa miaka mingi kabla ya Desemba 2020, mishahara iliyovuka kutoka kipindi kimoja cha malipo hadi kingine iligawanywa kwa siku, bila kujali mtu alifanya kazi siku zipi hasa. Mwaka 2023 Ombudsman wa Shirikisho, yaani mchunguzi wa malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali, alieleza kwamba namna hiyo ya kuhesabu haikuwa halali. Serikali ilipoona ukubwa wa madeni yatakayohitaji kukokotolewa upya, ikapeleka bungeni sheria ya kuzihalalisha hesabu hizo kwa kurudi nyuma, pamoja na malipo yasiyozidi dola 600 kwa walioathirika. Katika mabadiliko hayo hayo mlipandisha kiwango cha madeni madogo yanayosamehewa kutoka dola 50 hadi 250, na hilo nalitaja kwa sababu ni jema na limewasaidia watu. Lakini tazama lile kubwa zaidi. Mama yule akikosea hesabu, anadaiwa. Serikali ikikosea kwa miaka, inaandika sheria inayosema haikukosea. Niambie, Mheshimiwa, nimweleze vipi jambo hilo mtu anayeniuliza kwa nia njema?

Na hapa ndipo nafika kwenye nyambizi.

Machi 2023, huko San Diego, Waziri Mkuu Albanese alisimama na Rais Biden na Waziri Mkuu Sunak kutangaza mpango wa AUKUS, ushirikiano wa nchi hizo tatu wa kuipatia Australia nyambizi zinazoendeshwa kwa nyuklia. Gharama yake hadi katikati ya miaka ya 2050 ilikadiriwa kuwa kati ya dola bilioni 268 na bilioni 368. Mimi si mtaalamu wa ulinzi, na sidai kwamba bahari inayoizunguka nchi hii haihitaji walinzi. Natoka mahali ambapo serikali ilishindwa kuwalinda watu wake. Silichukulii jambo hilo kirahisi. Ninachokitazama ni makadirio. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni dola bilioni 100. Hiyo si bei ya nyambizi hata moja. Ni ukubwa wa kutojua tu. Ni zaidi ya mara 50 ya yale madeni yote ya Robodebt. Mama anayesafisha ofisi hana ruhusa ya kuripoti kwamba alipata kati ya dola 268 na dola 368.

Kabla ya hizo kulikuwa na nyambizi za Wafaransa. Mkataba ulitangazwa 2016, nyambizi 12, ukavunjwa Septemba 2021. Juni 2022 serikali yenu, ikiwa ndiyo kwanza imeingia madarakani, ikalipa takribani dola milioni 830 kumalizana na kampuni ya Naval Group, na Waziri Mkuu akasema mradi mzima umemgharimu mlipakodi dola bilioni 3.4. Hakuna nyambizi hata moja iliyopatikana. Tena hili lilikuwa la serikali iliyotangulia, nakubali. Lakini hakuna ofisa aliyetumiwa barua ya deni, wala aliyeambiwa atafute karatasi za miaka iliyopita athibitishe kwamba alitumia vizuri.

Mapema 2025 Australia ikaanza kuilipa Marekani ili kusaidia viwanda vyake vya nyambizi. Malipo ya kwanza yalikuwa dola za Marekani milioni 500. Nyambizi za kwanza, za aina ya Virginia, zinatarajiwa mwanzoni mwa miaka ya 2030, na sheria ya Marekani inamtaka rais wake athibitishe kwanza kwamba kuziuza hakutapunguza nguvu za jeshi lao wenyewe. Yaani tunalipa sasa, na uamuzi wa mwisho utakuwa wa mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu anayempigia kura.

Serikali hujibu kwamba gharama hizo ni wastani wa asilimia 0.15 ya pato la taifa kwa mwaka, na kwamba zitaleta ajira zipatazo 20,000 katika miaka 30. Jibu hilo nalichukua kwa uzito. Ila wanaoomba nyongeza ya JobSeeker hawajawahi kuruhusiwa kujitetea kwa asilimia ya pato la taifa. Wao hupimwa kwa dola taslimu za bajeti ya miaka minne, na hapo ndipo huambiwa fedha haitoshi. Kila upande una kipimo chake, na kipimo cha mnyonge siku zote ndicho kinachofanya ombi lake lionekane kubwa.

Sitaki usome barua hii ukadhani hatuoni mema. Mwaka 2025 mlipunguza madeni ya elimu ya juu kwa asilimia 20, na vijana wetu wengi wa chuo walilala usingizi mzuri. Tangu Novemba mwaka huo, motisha kwa madaktari wanaomtibu mgonjwa bila kumtoza kitu imepanuliwa kwa watu wazima wote, na hilo nimeliona kwa jirani zangu waliokuwa wakiahirisha kwenda hospitali hadi ugonjwa uwalaze. Hata nauli ya senti 50 kwenye treni, ambayo ni ya serikali ya Queensland na si yenu, imewafundisha watu hapa Woodridge kwamba sera inaweza kuingia nyumbani kwa mtu siku hiyo hiyo. Kuhusu nyumba sina mengi: mliahidi milioni 1.2 katika miaka mitano kuanzia Julai 2024, ujenzi haujaifikia kasi hiyo, na kila mwenye kupanga anajua.

Umeleta ziada ya bajeti mara mbili mfululizo, 2022-23 na 2023-24, jambo lililokuwa halijaonekana kwa zaidi ya miaka 15. Kwa hiyo sina shaka kwamba kuhesabu unajua. Ninachoomba ni kwamba ujuzi huo uelekezwe juu pia.

Naomba kila bajeti itoe gharama mpya ya AUKUS kwa namba moja, si kwa pengo la bilioni 100, na pale namba inapopanda bunge lielezwe kwa nini na nani aliidhinisha. Naomba pendekezo la kamati yako kuhusu JobSeeker lijibiwe kwa ndiyo au hapana, na kama ni hapana, sababu zitolewe kwa watu wanaoishi kwa ruzuku hiyo, wakiwa wamekaa mbele yako. Naomba pia serikali isipeleke tena bungeni sheria ya kuhalalisha makosa yake ya nyuma kabla wale waliodaiwa kimakosa hawajajulishwa, kwa lugha wanayoielewa, ni kiasi gani walichukuliwa.

Uje Woodridge, Mheshimiwa, jioni ya siku ya kazi, ila isiwe ile wiki ya kuripoti. Ukumbi tutautafuta sisi, na wakalimani wapo. Ofisi yako itupe tarehe.

Wako katika kulijenga taifa,

Mpiga kura wa Rankin,
Woodridge, Queensland.