Mapezi ya watoto: vipimo na hela kabla ya Alhamisi

Wazazi wenzangu, habari za jioni.

Jumamosi hii watoto wetu wanaanza kuvaa mapezi bwawani, yale ya mpira ya kuvaa miguuni wakati wa kuogelea. Ni saa 3:00 asubuhi kama kawaida, ila tuwahi robo saa ili wajaribishe.

1. Jozi ni Sh 35,000. Mtumie mweka hazina kabla ya Alhamisi saa 12 jioni.

2. Nitumieni urefu wa wayo kwa sentimita. Msimamishe mtoto juu ya karatasi, weka alama kisigino na kidole gumba, kisha pima. Tafadhali tusiagize makubwa eti atakua nayo. Pezi likipwaya huchubua kisigino na kuchomoka majini.

Tunachukua mafupi ya mpira laini, maana marefu huchosha miguu midogo, mtoto akaishia kupiga maji kwa magoti badala ya kuanzia nyongani. Watavaa wakiwa wamekaa ukingoni. Kutembea nayo kwenye vigae hapana. Na pezi si boya jamani! Nahitaji wazazi wanne wa kukaa nao ndani ya maji.

Jibuni hapa: NDIYO, jina la mtoto, kipimo. Aliyebanwa wiki hii aniandikie pembeni, mtoto wake hatakosa.