Kuzima waifai sio kung'oa ruta ukutani

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kadogo nitoe dukuduku langu, najua kurasa zenu zimejaa mambo mazito ila hili nalo linatukera wengi majumbani. Hivi hawa watengenezaji wa ruta wameshindwa nini kuweka swichi moja tu ya kueleweka, ukiibonyeza waifai inazima na intaneti ya waya inaendelea kama kawaida? Swichi ya umeme wameweka, katundu ka kuriseti wameweka, vitaa vya kuwakawaka ndo usiseme, lakini hiyo ruta nyingi hazina, na zingine wameibana huko nyuma wakaiunganisha na kitufe cha WPS (kile cha kuunganisha kifaa bila kuandika paswedi), ukibonyeza kidogo inafanya hili ukishikilia inafanya lile, sa nani atajua?

Mimi nimejua kwa kuumbuka. Watoto wangu wakiwa na simu usiku hawalali, kwahiyo kila ikifika saa nne nilikua naenda nang'oa ruta kwenye umeme narudi kukaa, najiona baba mwenye nyumba kweli kweli. Siku moja nimeng'oa tu nasikia sauti toka chumbani, "Baba watoto, umefanya nini tena!" Kumbe mama yao alikua anatuma faili la kazi kwa ile kompyuta ya mezani yenye waya, limefika asilimia tisini na kitu, ikabidi aanze moja. Najitetea mbona nimezima waifai tu. Akanambia waifai gani, umezima nyumba nzima.

Na alikua sawa. Lile boksi tunaliita ruta kama kitu kimoja lakini ndani kuna kazi tatu, kuna panapopokea intaneti kutoka kwa kampuni, kuna panapoigawa kwenye matundu ya waya pale nyuma, na kuna redio inayorusha waifai. Ukitaka watoto walale unazima redio tu, hivyo vingine haviwahusu. Unafungua brauza unaandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 (mara nyingi imeandikwa kwenye stika chini ya ruta pamoja na paswedi), unatafuta palipoandikwa Wireless au WLAN, unatoa tiki, unasevu. Ukiangalia mbele unaona taa ya waifai imezima na ya LAN, yaani ya waya, bado inachezacheza, hapo ujue mwenye waya hajasikia chochote.

Ila mhariri raha haikudumu. Usiku wa kwanza nimezima nimelala zangu, saa sita naamka kunywa maji nakuta mwanga chini ya mlango, kijana anaangalia video bila wasiwasi. Kumbe ruta yetu inarusha mara mbili, kuna ya 2.4 gigahezi na kuna ya 5, kila moja na tiki yake, mimi nimezima moja kijana kahamia nyingine. Ile inayoishia na 5G kwenye jina ndo hiyo ya pili, haina uhusiano na 5G ya mitandao ya simu japo wengi tunachanganya. Wengine wanadhani dawa ni kuficha jina la waifai, hapana jamani, hapo jina tu halionekani, redio bado inafanya kazi na simu iliyowahi kuunganishwa inaingia kama kwao.

Kesho yake nikazima zote mbili, tena kwa simu yangu nikiwa kitandani. Asubuhi nataka kuwasha, nitaingilia wapi sasa wakati simu yenyewe inaingia kwa waifai niliyoizima mwenyewe? Nikachukua kapini niende kwenye katundu ka kuriseti, mama watoto akanidaka mkono. Afadhali alinidaka, maana ukishikilia pale kama sekunde kumi ruta inasahau kila kitu, pamoja na jina na paswedi za kuunganisha kwa kampuni kama wenu unatumia hizo, hapo sasa ni kupiga simu huduma kwa wateja na kusikiliza muziki. Nilikaa tu kwenye kompyuta yake yenye waya, nikafungua ileile anwani, nikarudisha tiki, dakika mbili kwisha.

Baadae nikagundua ruta yetu ina ratiba, unaiambia izime saa fulani iwashe saa fulani yenyewe. Nikaandika 04:00 nikijua ni saa nne. Haya cheka, ikawa inazima saa kumi alfajiri watu wameshakesha! Saa nne usiku kule inaandikwa 22:00, na pia hakikisha saa ya ruta yenyewe iko sawa maana isiposoma muda sahihi inaweza kukuzimia mchana kweupe. Printa yetu ya waifai nayo usiku ikawa inapotea, hilo tumelikubali, atakayetaka kuprinti usiku achomeke waya.

Kwahiyo ombi langu kwa kampuni za intaneti, mafundi wenu wakija kufunga wasiondoke wakishatuonyesha jina na paswedi tu, watuonyeshe na hiyo tiki iko wapi, haimalizi hata dakika tano. Na nyie mhariri, ukurasa wenu wa teknolojia kila mara ni simu mpya simu mpya, wekeni na haya ya nyumbani.

Kwa sasa juu ya ruta yetu kuna karatasi imebandikwa, USING'OE, kwa herufi kubwa, na mwandiko sio wangu.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.