Amri yako ya Futa na hodi ya nyumba yetu

Mkomani, Lamu

Sahibu yangu,

Salaam aleikum. Ama baada ya salamu, barua yako imenifika jana kwa mkono wa ndugu yako, alipovuka kutoka Mokowe. Sote huku wazima. Zile karatasi za programu yako ya mizigo nimezisoma zote, na nimefurahi mno kuona umeanza kuandika ya Mac.

Unasema amri ya "Futa Mzigo" haitaki kuwaka. Unaiwekea isEnabled (sifa ya kuiwasha amri) kwa mkono wako, ukifungua menyu unaikuta kijivu vile vile. Hiyo si hitilafu ya mashine. Menyu ina sifa iitwayo autoenablesItems, nayo huwa imewashwa tangu mwanzo. Maadamu imewashwa, menyu hukagua amri zake yenyewe kabla hujaziona: yuko wa kuitikia jina hili? Kama hayuko, amri inafifia, na uliyoyaweka wewe hayahesabiwi. Najua utatamani kuizima sifa hiyo. Nakuomba usiizime.

Wayakumbuka madaka ya nyumba yetu, zile baraza za mlangoni? Mtu akipiga hodi, huitikiwa na aliyekaa dakani. Ikiwa shauri si lake, neno linapita tekani, baada ya mlango, likaingia kiwandani, yaani uani, likafika kumbi za msana wa tini na msana wa yuu, mpaka ndani kwa mama. Wa kwanza anayeliweza shauri hulichukua, na halipiti mbele tena. Amri isiyopewa mpokeaji maalumu, ile unayoiunganisha na First Responder, yaani mwitikaji wa kwanza, huenda hivyo hivyo. Huanza kwenye kile kilichoshikwa na mtumiaji, jedwali au kisanduku cha maandishi, ikapanda kwenye vilivyokizunguka, kisha dirisha, kisha msaidizi wa dirisha (delegate), mwisho programu yenyewe na msaidizi wake. NSViewController, kile kitu kinachosimamia sehemu ya dirisha, nayo imo njiani humo yenyewe tangu toleo la Yosemite la mwaka 2014, kwa hiyo methodi yako, kile kipande cha kodi kinachofuta, iache humo ulipoiweka.

Basi kwa nini hodi yako haiitikiwi? Tazama karatasi ya pili, mstari uliouandika jina la amri kwa mkono: futaMzigo. Methodi yako inapokea sender, yaani kile kilichoituma amri, kwa hiyo jina lake kamili ni futaMzigo: na nukta pacha mwishoni. Kwa mashine hayo ni majina mawili mbali mbali. Ujumbe unapita nyumba nzima ukimuita mtu asiyekuwapo.

Mimi lililonifika lilikuwa zito zaidi, na hadi leo linaniuma. Niliandika daftari la samaki kwa mnunuzi mmoja wa hapa, na amri ya Futa nikaifunga moja kwa moja kwenye jedwali. Karani wake aliandika "tewa" kwenye kisanduku cha kutafutia, akaona si lile alitakalo, akaliteua lile neno, akafungua menyu akabonyeza Futa. Neno likabaki pale pale. Kilichofutika ni mstari uliokuwa umeteuliwa chini yake: kilo 38 za tewa, jasho la mvuvi wa watu, na jioni ile hesabu yake ikatoka pungufu. Karani alilaumiwa, na kosa lilikuwa langu. Nikaufungua ule muungano, amri nikaielekeza First Responder kwa jina la delete: ambalo maandishi yanalijua tangu zamani. Sasa akiwa kwenye kisanduku hufutika neno, akiwa kwenye jedwali hufutika mstari.

Limebaki la ruhusa. Kuwepo kwa mwitikaji hakutoshi, kwani huenda hakuna mstari ulioteuliwa. Andika validateMenuItem, methodi ya kujibu kama amri iwake au ififie, ndani ya kitu kile kile chenye futaMzigo: kwa sababu menyu humuuliza huyo huyo atakayeitikia. Angalia action, yaani jina la methodi, ya amri iliyoletwa. Ikiwa ni yako, jibu ndiyo endapo selectedRow, namba ya mstari ulioteuliwa, si -1, kwani -1 maana yake hakuna. Amri nyingine usizozitaja zijibu ndiyo. Mimi niliwahi kumalizia na hapana, na nusu ya menyu ikazimika. Humo humo waweza kubadili maandishi pia, yasomeke "Futa Mizigo 3" mistari mitatu ikiteuliwa. Karani anapenda sana hilo, maana anaona idadi kabla hajabonyeza.

Usifungue hifadhidata wala faili humo ndani. Swali hilo huulizwa mara kwa mara, hata mtu anapobonyeza njia ya mkato ya kibodi, na jibu lako likichelewa menyu nzima inakwama. Na ndani ya futaMzigo: yenyewe hakikisha tena kwamba kuna mstari. Kitufe cha kawaida ulichokiweka dirishani hakipiti kwenye ukaguzi wa menyu. Kitaita methodi hata jedwali likiwa tupu.

Anza na nukta pacha. Ikikataa bado, nipigie picha ya menyu ikiwa wazi na jedwali likionekana nyuma yake, nijue kilichoshikwa ni kipi. Nisalimie mama, umwambie ile achari ya maembe tumeimaliza.

Wasalaam,
nduguyo wa Lamu