Gia ndogo kabla ya mteremko

Ndugu Mhariri,

Familia zinazopanga safari ya kuona maporomoko ya maji milimani huhangaikia chakula na kamera, gari likasahaulika. Hatari kubwa iko kwenye mteremko mrefu. Dereva anayekanyaga breki mfululizo huzipasha moto kupita kiasi. Mafuta ya breki yaliyozeeka yamekwisha kufyonza unyevu, hivyo huchemka mapema, mvuke huingia kwenye mabomba na pedali huzama bila gari kusimama. Dawa ni kuingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Hata magari mengi ya otomatiki yana nafasi ya gia ndogo, kama L au 2, ingawa wengi hawajawahi kuigusa. Breki zikinuka, egesha zipoe, wala usizimwagie maji.

Watoto wanaotapika kwenye kona wakae wanapoona barabara mbele, simu kando.

Mkifika, msiogelee pale maji yanapoangukia: maji yaliyojaa mapovu hayambebi hata mwogeleaji hodari. Mto ukigeuka tope ghafla au ukileta majani na vijiti, mvua imenyesha huko juu. Tokeni mara moja, hata kama jua linawaka.

Msomaji wenu