Sikukuu za Kiyahudi huanza jioni

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nisahihishe kosa ambalo magazeti hulirudia kila mwaka: kuiandika sikukuu ya Kiyahudi kama kwamba inaanza saa sita usiku. Siku ya Kiyahudi huingia jua likizama, na hutoka kesho yake nyota tatu zikishaonekana. Habari iliyosema Pasaka ya Wayahudi ni Aprili 23, 2024 ilimfikia msomaji karamu kuu, yaani Sederi, ikiwa imeshaliwa. Ililiwa Jumatatu, Aprili 22, usiku. Sisi tuandikao Kiswahili hatuna udhuru, kwa maana maneno tunayo: "usiku wa kuamkia Aprili 23".

Lipo na lile la kudai kwamba sikukuu hizi zinahamahama. Kwenye kalenda yao hazisogei: Pasaka ni 15 Nisani, Hanuka, sikukuu ya taa, ni 25 Kislevu. Miezi yao hufuata mwandamo, siku 29 au 30, na miezi 12 ya namna hiyo hupungukiwa na mwaka wa jua kwa siku kama 11. Kalenda ya Hijria huuacha upungufu huo ulivyo, ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote. Wayahudi hawawezi kuuacha, kwa sababu Torati imeifunga Pasaka na majira ya shayiri kutoa masuke. Basi huongeza mwezi mzima, Adari ya pili, mara 7 katika kila miaka 19. Anayetaka kuujua mwaka wa namna hiyo aigawanye namba ya mwaka wa Kiyahudi kwa 19. Baki ikiwa 0, 3, 6, 8, 11, 14 au 17, mwaka huo una miezi 13. Mwaka wao wa 5784 hubakiza 8, na ndiyo sababu Pasaka yao ya 2024 ilikuja wiki tatu baada ya ile ya Wakristo ya Machi 31. Katika mwaka wa miezi 13, Purimu, sikukuu ya kusoma kitabu cha Esta, huadhimishwa Adari ya pili. Aliyeitangaza katika ya kwanza amewahi mwezi mzima.

Idadi ya siku nayo huwachanganya wengi. Pasaka ni siku 7 ndani ya Israeli na 8 nje yake, na zote mbili ni sahihi. Zamani mwezi ulitangazwa Yerusalemu kwa ushahidi wa waliouona, na wajumbe hawakuwahi kufika miji ya mbali. Huko waliadhimisha siku mbili kwa shaka, na desturi ikabaki hata baada ya hesabu kuchukua nafasi ya macho. Rosh Hashana, mwaka wao mpya, ni siku mbili kila mahali.

Pasaka ndiyo inayoharibiwa zaidi na tafsiri. Kusema "mkate usio na hamira" hakutoshi. Unga wa ngano uliolowa maji na kuachwa tu ni haramu kwa Pasaka hata kama hamira haikuukaribia, kwa kuwa unga hujichachua wenyewe. Ndiyo maana matsa, mkate wenyewe wa Pasaka, hukandwa kwa unga na maji peke yake, na tangu maji yaguse unga hadi mkate uive hazipiti dakika 18. Maji hutekwa jioni na kulazwa usiku kucha yapoe, kwani uvuguvugu huharakisha uchachu. Mkate hutobolewa matundu kote usifure. Ukikunjika au ukivimba tumboni, hutupwa.

Usiku wa kutangulia Sederi nyumba hupekuliwa kwa mwanga wa mshumaa, kutafuta chochote kilichochachuka. Wengi huficha vipande 10 vya mkate ili mpekuzi asirudi mikono mitupu. Kosa la kawaida ni kutoandika vilikofichwa: kipande cha kumi hakionekani, na nyumba nzima huanza kupekuliwa upya. Vifungwe kwenye karatasi, visimwage makombo. Asubuhi yake mchana hugawanywa sehemu 12 tangu alfajiri au macheo, karibu na tunavyohesabu saa kwa Kiswahili: kula mkate mwisho ni saa nne, kuuchoma mwisho ni saa tano. Saa hizo hurefuka na kufupika pamoja na mchana wenyewe, kwa hiyo saa ya ukutani haifai kutegemewa.

Hanuka si "Krismasi ya Kiyahudi", hata kama mwaka 2024 ilianza jioni ya Desemba 25. Mwaka 2021 ilianza Novemba 28. Na picha mnayoiweka, ya kinara cha matawi saba, ni ya Hekalu. Cha Hanuka kina nafasi nane na ya tisa ya shamashi, mshumaa wa kuwashia, uliotengwa au kuinuliwa. Mishumaa hupangwa kuanzia kulia, lakini huwashwa kuanzia kushoto, ule mpya kwanza. Kwa siku zote nane, pamoja na shamashi, ni mishumaa 44. Iwake angalau nusu saa baada ya giza kuingia. Ijumaa ndipo watu hukwama: huwashwa kabla ya mishumaa ya Sabato, jua lingali juu, na ile midogo ya boksi huzimika kabla ya wakati wake. Siku hiyo huwekwa mirefu, au mafuta ya kutosha saa moja na nusu.

Kibanda cha Sukoti, sikukuu ya vibanda, nacho hakijengwi chini ya mti, ingawa ndipo penye ubaridi. Paa lake ni matawi au majani yaliyokatwa, kivuli kikizidi jua. Mti ulio hai juu yake hulibatilisha, na turubai vilevile. Majani hunyauka ndani ya siku saba, basi aliyeezeka kwa kubania siku ya kwanza, siku ya nne jua limemzidi.

Mwisho, Yom Kipuri, Siku ya Upatanisho, msiitangaze pamoja na "sherehe na mapochopocho". Ni saa 25 hivi bila chakula, bila maji, bila viatu vya ngozi. Wanachotakiana ni kutiwa muhuri mwema katika kitabu cha uzima.

Msomaji wako